Una utafiti mkononi na mswada wa vileo uko bungeni: fanya hivi

Mswada wa vileo ukichapishwa tu katika kaunti yoyote, simu yangu haitulii. Maswali ni yale yale. "Tuna takwimu za WHO (Shirika la Afya Duniani), tumpelekee nani?" "Tuliwaandikia kurasa arobaini, mbona hata neno letu moja halimo kwenye ripoti?" "Kwa hiyo tuseme baa zifungwe saa ngapi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa sauti za WhatsApp, basi haya hapa yote mahali pamoja.

Nazungumzia Kenya, kwa sababu ni kwenye kumbi za kaunti zetu ndiko nimekalia viti vya plastiki nikingoja zamu yangu ya kusema. Ukiwa Tanzania au Uganda, njia za bungeni kwenu ni tofauti, ila hatua ya 4 hadi ya 8 zitakufaa vilevile.

Shika jambo hili kabla ya yote: mbunge akikaa kwenye kamati ana mswada mbele yake, na mswada umeandikwa kwa vifungu. Utafiti usiogusa kifungu hana pa kuuweka. Memoranda yangu ya kwanza, yaani maoni ya maandishi unayoipelekea kamati, ilikuwa na chati kumi na mbili za rangi. Mwenyekiti aliifungua, akaifunga, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mama, unataka tuandike nini?" Sikuwa na jibu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Nakala ya mswada wenyewe, ile iliyochapishwa kwenye Gazeti rasmi la serikali. Muhtasari uliosambazwa kwenye vikundi vya simu hauna nambari za vifungu, na mara nyingi una chumvi.
- Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile watu wanayoiita sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha na ndiye aliyeuleta mswada wake. Sheria nyingi za kaunti zimechota humo.
- Tangazo la kuita maoni, lenye siku ya mwisho, anwani ya Karani wa Bunge na mahali pa vikao.
- Tafiti mbili au tatu ambazo umezisoma mwenyewe, si kusimuliwa.
- Namba za kwenu: wadi, mji au kaunti. Hatua ya 5 inaeleza jinsi ya kuzipata.
- Mtu anayejua kusoma sheria na mtu anayejua kusoma jedwali la takwimu. Ni nadra kuwapata wote wawili ndani ya mtu mmoja.
- Muda. Tangazo likitoka huwa limebakiza siku chache, kwa hiyo kazi ya hatua ya 4 na ya 5 ianze mapema, hata kabla mswada haujaonekana.

Hatua ya 1: Jua ni mlango gani unaobisha

Nusu ya juhudi ninazoziona zinapotea hapa. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya leseni za vileo. Ushuru wa bidhaa, ambao ndio unaopandisha bei ya chupa, Kifungu cha 209 kimeuweka kwa serikali ya taifa. Kwa hiyo ukiwa na utafiti mzuri wa bei, usiupeleke kwa wawakilishi wadi. Watakusikiliza, watakubali, na hawana la kufanya. Utafiti huo unakwenda kwa kamati ya fedha ya Bunge la Taifa wakati wa Mswada wa Fedha, ambao hufika bungeni kufikia mwisho wa Aprili na hutakiwa uwe umepita kabla Juni haijaisha.

Kaunti ipelekee mambo ya kaunti: saa za kufungua na kufunga, idadi ya baa katika eneo moja, umbali kutoka shuleni, masharti ya leseni na nani anakaa kwenye kamati ya kuzitoa.

Tofautisha pia sera na mswada. Mwezi Julai 2025 serikali ilizindua sera ya taifa iliyotaja kupandisha umri wa kununua pombe kutoka miaka 18 hadi 21. Nchi nzima ikawaka. Watu waliandika memoranda za kupinga "sheria mpya" wakati sheria haikuwa imebadilika hata nukta. Sera husema serikali inataka kuelekea wapi. Hapo unachangia mwelekeo. Kwenye mswada unachangia maneno.

Hatua ya 2: Soma mswada kwa kalamu, uchague vifungu vitatu

Vitatu, basi. Vinne ukishindwa kabisa kujizuia. Kamati inapokea maoni kutoka kwa wenye baa, makanisa, misikiti, watengenezaji, vikundi vya kina mama na mawakili, na mtu anayegusa kila kifungu huonekana hajui anachotaka.

Zungushia duara kila mahali penye neno la hiari. Kifungu kikisema kamati ya leseni *inaweza* kukataa ombi, maana yake inaweza pia kulikubali. Kikisema *itakataa*, mlango umefungwa. Nimeona kaunti yenye sheria nzuri sana ya umbali kutoka shuleni na baa zikitazamana na lango la shule, kwa sababu ya neno hilo moja.

Hatua ya 3: Andika tatizo kwa sentensi moja

Sentensi hiyo itaje nani anaumia, kwa kileo gani, wapi na saa ngapi. "Ulevi umezidi" halifai. "Vijana wa sekondari wananunua pombe kali kwenye vibanda vilivyo kati ya shule na stendi, kuanzia saa tisa alasiri" linafaa, kwa sababu linakuonyesha dawa: mahali, umri, saa, leseni ya kibanda.

*Angalizo.* Usitumie dawa ya ugonjwa mwingine. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai kule Kirinyaga, watu 17 walikufa baada ya kunywa pombe iliyoripotiwa kuwa ilitoka kwenye vielelezo, yaani ushahidi wa kesi, vilivyokuwa mikononi mwa polisi. Wiki zile nilipokea rasimu kadhaa zilizotaka baa zifungwe mapema "ili Kirinyaga isirudie". Saa za baa hazigusi kielelezo kilichotoka stoo. Tatizo lile linataka kifungu cha kuharibu vielelezo upesi na kwa kushuhudiwa.

Hatua ya 4: Tafuta utafiti, kisha uupime

Nadharia inayohitajika ni fupi. Shirika la Afya Duniani, baada ya miaka mingi ya kukusanya tafiti, linataja hatua tatu zinazoleta faida kubwa kwa gharama ndogo: kupandisha bei kwa ushuru, kubana upatikanaji, na kuzuia matangazo. Mihadhara shuleni na mabango ya "Kunywa kwa kiasi" hayamo kwenye orodha hiyo, ingawa ndiyo yanayopendwa na kila mtu, watengenezaji wakiwa wa kwanza.

Ukipata utafiti, uulize haya: ulifanywa wapi? Ulilinganisha na nini? Ulipima kunywa au ulipima madhara? Nani alilipia? Usiishie kwenye muhtasari. Nenda kwenye sehemu inayoeleza walivyofanya.

Nikupe mifano mitatu ninayoitumia mwenyewe, pamoja na kasoro zake, kwa maana kasoro utaulizwa.

Diadema ni mji wa viwanda katika jimbo la São Paulo, Brazil. Julai 2002 uliamuru baa zifungwe saa tano usiku. Watafiti waliofuatilia takwimu za polisi walikadiria kwamba mauaji yalipungua kwa takriban tisa kila mwezi. Ni mfano wenye nguvu kwetu, kwa sababu ni mji wa watu wa kipato cha chini na sheria ilikuwa ya manispaa, sawa na kaunti. Kasoro: mauaji yalikuwa yakishuka jimbo zima la São Paulo miaka ile, na Diadema ilisimamia sheria yake kwa ukali, ikaweka na mambo mengine ya usalama. Sema hivyo mwenyewe kabla hujaambiwa.

Scotland ilipitisha mwaka 2012 sheria ya bei ya chini kabisa ya pombe kulingana na nguvu yake. Watengenezaji wa wiski wakaenda mahakamani, kesi ikavutana hadi Novemba 2017, na sheria ikaanza Mei 2018 kwa peni 50 kwa kipimo kimoja cha pombe. Uchambuzi uliochapishwa 2023, ukiilinganisha Scotland na England ambako sheria hiyo haikuwapo, ulikadiria kwamba vifo vinavyotokana na pombe moja kwa moja vilikuwa pungufu kwa asilimia 13.4 kuliko ambavyo vingekuwa. Kasoro: baadhi ya waraibu maskini hawakupunguza kunywa, walipunguza chakula. Na Scotland haina chang'aa inayopikwa nyuma ya nyumba.

Mfano wa tatu uko karibu na nyumbani. Sheria yetu ya 2010 ilipiga marufuku pombe ya vifuko vya plastiki. Tanzania ikapiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, Uganda ikafuata 2019. Kifuko kiliwafaa watoto kwa sababu tatu: bei ya sarafu, kinaingia kwenye soksi, na hakina harufu mpaka ukifungue. Mwakilishi wadi yeyote aliyewahi kuwa mwalimu anajua hili kuliko mtafiti. Ukiomba pombe kali isiuzwe kwa vipimo vidogo, anza na viroba.

*Angalizo kuhusu takwimu za kitaifa.* Uchunguzi wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulisema asilimia 12.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 65 wanakunywa pombe. Uchunguzi wa STEPS wa 2015, ule wa kitaifa wa afya, ulisema takriban asilimia 19, kwa wenye miaka 18 hadi 69. Nimeona watu wawili upande mmoja wa meza, mmoja ana hii, mwingine ile, na wakili wa upande wa pili anacheka. Umri uliochunguzwa si mmoja, mwaka si mmoja, na namna ya kuuliza si moja. Chagua moja, taja mwaka na umri, uishikilie hadi mwisho.

*Angalizo la pili.* Usifungue na takwimu za dunia. Kwamba pombe iliua watu milioni 2.6 mwaka 2019 ni kweli, na kamati nzima itakuwa imeshika simu kabla hujamaliza sentensi.

Hatua ya 5: Kusanya namba za kwenu

Hii ndiyo hatua inayobadilisha kikao, na ndiyo watu wanayoiruka.

Kwanza, hesabu baa. Chukua watu watatu, daftari na simu yenye ramani, mpite mtaa kwa mtaa siku ya Jumatano na tena siku ya Jumamosi. Andikeni kila mahali panapouza kileo: baa, duka la waini na pombe kali, kiosk, klabu ya busaa, mahali pa mnazi. Andikeni kama cheti cha leseni kimetundikwa ukutani, kwa sababu mnaruhusiwa kutazama kilichotundikwa. Msigombane na mtu. Nunueni soda, kaeni.

Pili, pimeni umbali kutoka shuleni. Sheria ya 2010 inasema mita 300. Tulipopima kwetu mara ya kwanza tulifuata njia ya miguu, kutoka lango la shule ya msingi, kupita kwa fundi viatu, tukakata kona hadi mlango wa baa, na mita zikazidi 300. Mwenye baa akatutolea soda za bure. Kisha kijana wetu mmoja akavuta mstari ulionyooka kwenye ramani ya simu, na mita 300 hazikufika. Shule na baa zilipakana nyuma, ukuta kwa ukuta na uchochoro katikati, na watoto walikuwa wanaruka ukuta. Nani alikuwa sawa? Inategemea mswada unasema unapima vipi. Wetu haukusema. Hapo tukapata kifungu chetu cha kwanza.

Tatu, omba rekodi. Orodha ya leseni ni ya kaunti, majeruhi wa usiku wako kwenye rejista za hospitali, na visa vya vurugu vimo kwenye kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Omba jumla, usiombe majina. "Idadi ya majeruhi wa kupigwa waliopokelewa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, mwezi kwa mwezi, mwaka 2024" ni ombi linalojibika. "Takwimu zote za pombe" halijibiki, na karani wa rekodi atalilalia.

Hatua ya 6: Funga utafiti kwenye kifungu

Kila ombi liwe na vipande vinne: kifungu kinasemaje sasa, tunataka kisomeke vipi, kwa nini, na ushahidi uko wapi. Mfano:

> Kifungu cha 14(2). Kwa sasa kinasema kamati ya leseni inaweza kukataa ombi iwapo mahali pa biashara pako chini ya mita 300 kutoka shuleni. Tunaomba kisomeke kwamba kamati itakataa. Tunaomba kiongezwe pia kwamba umbali utapimwa kwa mstari ulionyooka, kutoka mpaka wa shule hadi mpaka wa mahali pa biashara. Sababu: Sheria ya 2010 tayari imeweka mita 300. Katika wadi hii tumehesabu baa ____ zilizo ndani ya umbali huo, na ____ kati yake zimetundika leseni ya mwaka huu. Orodha na ramani ni kiambatisho cha 1.

Hapo hakuna utafiti wa ng'ambo hata mmoja, na hauhitajiki, kwa sababu jambo lilishakubaliwa na sheria ya taifa. Kilichokosekana ni neno moja na kipimo kimoja. Utafiti wa Brazil uhifadhi kwa pale unapoomba jambo jipya. Kwa mfano, kaunti ikitaka baa ziuze hadi usiku wa manane, kumbuka sheria ya 2010 iliweka saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na saa nane mchana hadi saa tano usiku wikendi na sikukuu. Anayetaka kuzilegeza saa hizo ndiye mwenye mzigo wa kueleza, na hapo Diadema inakusaidia kusema yanayoweza kutokea.

Maelezo unaweza kuyaandika kwa Kiswahili. Ni lugha rasmi ya Bunge la Taifa na Seneti kwa Kifungu cha 120 cha Katiba, na sijawahi kuona memoranda ya Kiswahili ikikataliwa kwenye kaunti. Lakini miswada mingi huandikwa kwa Kiingereza, hivyo yale maneno mahususi ya kuingizwa kwenye kifungu yatoe kwa lugha ya mswada. Usimwachie mwandishi wa sheria akutafsirie. Atakutafsiria anavyoelewa.

*Angalizo.* Ushahidi mzuri hauokoi sheria iliyoandikwa vibaya. Kwamba kupima pumzi za madereva barabarani huokoa maisha ni jambo ambalo watafiti hawabishanii. Hata hivyo mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilizitupa kanuni za 2011 za Alcoblow, kile kifaa cha kupima pumzi, kwa sababu kosa lililoundwa na kanuni halikulingana na Sheria ya Trafiki iliyokuwa juu yake. Yule mtu wako wa kusoma sheria apitie kila ombi akiuliza: hiki kinagongana na sheria gani?

Hatua ya 7: Jibu hoja ya upande wa pili ndani ya karatasi yako

Hoja zitakuwa tatu: ajira, mapato ya kaunti, na "mkibana halali watu watahamia haramu". Mbili za kwanza zijibu kwa namba za leseni na kwa heshima. Mama anayesomesha watoto kwa duka la waini si adui yako, wala mgema wa Kilifi. Waombee muda wa mpito kwenye kifungu.

Ya tatu ina uzito, na usiidharau. Bia ya keg, ile ya bei rahisi inayouzwa kwa kikombe kutoka kwenye pipa, ilianza 2004 na ikapewa msamaha wa ushuru, makusudi, ili maskini wapate kitu salama badala ya kumi kumi, pombe haramu ya bei ya chini. Mwaka 2013 msamaha ukapunguzwa hadi nusu. Bei ya kikombe ikapanda, mauzo ya keg yakaporomoka, na 2015 msamaha ukarudishwa kwa asilimia 90. Katikati yake, Mei 2014, zaidi ya watu 80 walikufa kwa pombe yenye methanoli, kemikali ya viwandani iliyo sumu, huko Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko.

Utaambiwa: mnaona? Ushuru uliua. Jibu lako ni hili: kuanguka kwa mauzo kunathibitisha kwamba bei inabadilisha unywaji, jambo ambalo tafiti za kila bara zinasema. Kwamba vifo vilifuata hakutoshi kuonyesha chanzo. Watu zaidi ya mia moja walikufa Nairobi kwa sumu hiyohiyo Novemba 2000, kabla keg haijazaliwa, na wengine Machakos 2005, miaka minane kabla msamaha wa keg haujapunguzwa. Methanoli huingia kwa sababu mtu ameipata kiwandani au dukani na hakuna anayefuatilia. Kisha kubali sehemu iliyo kweli: ukipandisha bei ya kileo rahisi kabisa cha halali bila kugusa haramu, baadhi ya watu watahama. Omba vyote viwili pamoja.

Na usiseme chang'aa ni marufuku kama ilivyokuwa zamani. Sheria ya 2010 ndiyo iliyofuta Sheria ya kupiga marufuku chang'aa ya 1980 na kuiweka chini ya masharti ya leseni na vipimo. Ukikosea hapo, mwenyekiti hatasoma tena kilichobaki.

Hatua ya 8: Angalia nani kalipia, na useme nani kakulipia

Mwaka 2010 watafiti wawili wa Norway walichapisha walichokikuta kwenye rasimu za sera za vileo za Lesotho, Malawi, Uganda na Botswana. Rasimu hizo nne za nchi nne zilikaribia kufanana neno kwa neno, na faili moja ya kompyuta ilionyesha kwamba mwandishi wake wa awali alikuwa mkubwa mmoja katika kampuni ya bia. Tangu niisome habari hiyo, kila rasimu ninayotumiwa ya Word ninafungua sifa za faili kwanza. Ni mibofyo miwili.

Sheria hiyohiyo ikukate na wewe. Kama kikundi chako kinafadhiliwa na shirika la kupinga pombe, liandike kwenye ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 9: Wasilisha

Kurasa tatu, viambatisho kando. Peleka kwa Karani mkononi, na nakala yako igongwe muhuri wa tarehe. Barua pepe tuma pia, lakini muhuri ndio utakaokutetea. Ukiitwa kusema, utapewa dakika tano na zitakatwa ziwe tatu. Taja kifungu, taja maneno mapya, taja namba moja ya kwenu, kaa chini. Salamu ndefu kwa waheshimiwa zinakula muda wako, si wao. Ukiulizwa usichokijua, sema utaleta jibu kesho, na kesho ulilete.

Hatua ya 10: Omba kifungu cha tathmini, kisha fuatilia

Hiki ndicho kifungu ninachokipenda kuliko vyote, na hakigombaniwi sana. Sheria ya Scotland ilijiwekea ukomo wa miaka sita: bila kura mpya ingekufa. Kwa hiyo serikali ililazimika kuipima, na Aprili 2024 bunge lao likapiga kura kuiendeleza na kupandisha bei hadi peni 65. Omba kaunti yenu ipime baada ya miaka mitatu, ichapishe idadi ya leseni na majeruhi, na itenge fedha za kazi hiyo. Kipimo cha kabla ya sheria kuanza ndicho muhimu zaidi. Daftari lenu la hatua ya 5 linaweza kuwa ndilo pekee lililopo.

Kisha tafuta ripoti ya kamati. Kuna jedwali linaloonyesha maoni yaliyopokelewa na kamati iliamua nini. Soma safu yako.

Mambo yakikwama

*Siku ya mwisho imepita.* Andika hata hivyo, kisha mtafute mwakilishi mmoja. Baada ya usomaji wa pili mswada hupitiwa kifungu kwa kifungu na kamati ya bunge zima, na mjumbe yeyote anaweza kuleta rekebisho. Mpe maneno yaliyokamilika. Hana muda wa kukuandikia.

*Ofisi imekaa kimya juu ya ombi la rekodi.* Siku 21 zikipita, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wakati huo tumia mlivyohesabu wenyewe, na uandike wazi kwamba mliomba tarehe fulani na hamkujibiwa. Sentensi hiyo peke yake huwafanya waheshimiwa wamgeukie afisa aliyekaa kona.

*"Hizo tafiti ni za wazungu."* Ndiyo maana nikakupa Brazil na viroba. Ikishindikana, ondoa utafiti wa nje wote ubaki na ramani.

*Una tafiti mbili zinazopingana.* Tazama kama zilipima kitu kimoja. Mara nyingi moja ilipima chupa zilizouzwa na nyingine ilipima watu wanaosema wanakunywa, na watu husema pungufu. Kama kweli zinapingana, zitaje zote mbili.

*Maoni yako yamekataliwa na sheria imepita.* Kuna kanuni. Sheria huacha mambo mengi yaamuliwe humo: ada, fomu, namna ya kupima umbali. Kanuni nazo huitiwa maoni, na kumbi zake huwa na watu wachache zaidi, kwa hiyo anayefika husikika.

*Kikao kilitangazwa, mkafika, kamati haikuja.* Hilo limenipata mara mbili, mara moja kwenye mvua. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na mahakama zimefuta sheria kwa kukosa hilo. Piga picha ukumbi na saa ukutani, andikeni majina ya waliofika na saini zao, mwandikieni Karani siku hiyohiyo mkiomba tarehe nyingine, na nakala ya barua igongwe muhuri.